Maabara Hujibu Kile Inachoulizwa

Mwishoni mwa mwaka 1902, huko Entebbe nchini Uganda, daktari kijana wa Kiitaliano aitwaye Aldo Castellani aliona katika hadubini yake vimelea vyembamba vikijinyonganyonga ndani ya majimaji yaliyotolewa mgongoni mwa mgonjwa wa malale. Wakati huo malale ilikuwa ikiviteketeza vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria. Kufikia mwaka 1920 ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 katika eneo hilo. Castellani alikuwa mmoja wa wajumbe wa tume iliyotumwa na Royal Society ya London kutafuta chanzo cha ugonjwa huo, na chanzo chenyewe kilikuwa mbele ya macho yake. Hata hivyo hakukipa uzito. Alikuwa akitafuta bakteria, na bakteria ndio aliowatuhumu. Mpaka Machi 1903, alipowasili David Bruce, daktari aliyekwisha kuvijua vimelea vya jamii hiyo katika ng'ombe wa Zululand waliougua nagana, ndipo yale yaliyoonekana miezi kadhaa nyuma yalipotazamwa upya na kupewa maana yake.

Hadubini ilikuwa ile ile, na majimaji yalikuwa ya wagonjwa wale wale. Kilichobadilika ni swali.

Zaidi ya miaka 120 imepita tangu siku hizo, na vifaa vya maabara vimeendelea sana. Lakini katika hospitali na vituo vya afya vingi, fomu ya kuomba vipimo bado hufika maabara ikiwa na jina la mgonjwa, umri wake na maneno mawili matatu: malaria, choo, mkojo. Nafasi iliyoachwa kwa ajili ya maelezo ya ugonjwa hubaki tupu, au hujazwa neno moja tu, homa. Kwa maradhi mengi upungufu huo husameheka, kwa kuwa kipimo chenyewe hujitosheleza. Kwa vimelea vinavyoingia ubongoni hausameheki hata kidogo. Hoja ya makala haya ni kwamba fomu hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha ugonjwa wa ubongo, na kwamba ikijazwa vibaya, hakuna mashine itakayofidia kosa hilo.

Ubongo haupimwi moja kwa moja

Sababu ya kwanza iko katika maumbile. Figo husema kupitia mkojo, utumbo husema kupitia choo, na mapafu kupitia makohozi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na hakuna anayekata kipande chake ili kukiangalia isipokuwa kwa dharura kubwa. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara hukisia habari za ubongo kwa kupitia mashahidi wa mbali: damu, majimaji ya mgongo, na kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha baada ya kupambana na kimelea. Mashahidi hao hawasemi jambo moja. Kila kimelea huacha ushahidi wake mahali pake, na mahali ambapo kimoja huonekana wazi ndipo ambapo kingine hakionekani kabisa.

Mgonjwa aliyepoteza fahamu, au anayepatwa na degedege, au anayeumwa kichwa kwa majuma mengi, anaweza kuwa na malaria ya ubongo, malale, toksoplasma, vifuko vya tegu wa nguruwe, au asiwe na kimelea chochote bali homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na bakteria, fangasi au kifua kikuu. Hakuna kipimo kimoja kinachoyapambanua yote hayo. Kinachoyapambanua ni mpangilio wa maswali, na mpangilio huo huanzia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Malaria: jibu la ndiyo lisilomaliza shauri

Katika nchi zenye malaria nyingi, slaidi ya damu yenye vimelea huchukuliwa kuwa mwisho wa mjadala. Mtoto amezimia, vimelea vimeonekana, basi ni malaria ya ubongo. Uchunguzi uliofanyika Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2004, ulilitikisa wazo hilo. Watoto 31 waliofariki wakiwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo walichunguzwa baada ya kifo. Saba kati yao, karibu mmoja kwa kila wanne, hawakuwa na chembe nyekundu zenye vimelea zilizonasa katika mishipa midogo ya ubongo, na walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Damu yao ilikuwa na vimelea kweli, lakini vimelea hivyo havikuwa vimewaua.

Maelezo yake si magumu. Mahali ambapo malaria ni ya kila siku, watoto wengi hubeba vimelea bila kuugua. Mtoto wa namna hiyo akipatwa na homa ya uti wa mgongo, slaidi yake bado itasema malaria. Kipimo cha haraka nacho kina kasoro ya aina hiyo, kwa kuwa protini inayotafutwa na vipimo vingi vya haraka huweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona.

Kosa la upande wa pili ni kutibu malaria ambayo haipo. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, nao ukachapishwa mwaka 2004, wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali walipimwa upya kwa uangalifu. Chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea. Hao wengine walikuwa na ugonjwa mwingine, mara nyingi usiotafutwa, huku wakitiwa kwinini.

Hakuna anayesema slaidi iachwe. Mgonjwa aliyezimia na ana vimelea lazima atibiwe malaria mara moja, kwa kuwa kusubiri ni kumwua. Kinachosemwa ni kwamba jibu la ndiyo halimzuii tabibu kuuliza swali linalofuata. Je, majimaji ya mgongo yamepimwa, au hali ya mgonjwa ikizuia kuyatoa kwa sasa, ameanzishiwa dawa za kuua bakteria? Je, kuna aliyemtazama mtoto ndani ya macho? Katika uchunguzi ule wa Blantyre, dalili pekee iliyowatenganisha waliokufa kwa malaria ya ubongo na wale wengine wangali hai ilikuwa mabadiliko katika retina: mabaka meupe, mishipa iliyopoteza rangi yake, na madoa ya damu. Kifaa cha kutazamia macho hukaa mfukoni, na mafunzo ya kukitumia hayahitaji miaka.

Malale: kilichopotea pamoja na hadubini

Vipimo vya haraka vya malaria vimeokoa maisha ya wengi, hasa katika zahanati zisizo na umeme. Lakini vina gharama moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Malale ya Afrika Mashariki huja kwa kasi, na vimelea vyake huwa vingi katika damu. Miaka mingi wagonjwa wake wengi waligunduliwa na mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria: alipaka tone nene, akaweka slaidi chini ya hadubini, akakutana na kitu kingine. Kipimo cha haraka hakina bahati ya namna hiyo. Kimetengenezwa kuuliza swali moja, nacho hujibu hilo tu. Kikisema hakuna malaria, mwenye malale hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Kwa kuwa bahati imeondoka, swali halina budi kuchukua nafasi yake. Je, mgonjwa amelala porini, amekwenda kurina asali, kuwinda au kuchunga karibu na hifadhi yenye mbung'o? Je, mahali anapokaa wameletwa ng'ombe wageni? Swali hilo la mwisho si la kupoteza muda. Malale ilipoingia Soroti, mashariki mwa Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilifuatana na ng'ombe walionunuliwa mnadani. Na mwaka 2001, watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania waligundulika na ugonjwa huo baada ya kurejea makwao, mbali kabisa na mahali ambapo daktari wa kawaida angeufikiria, kwa sababu waliulizwa walikotoka.

Fomu ikieleza hayo, mtaalamu wa maabara hujua la kufanya. Huchukua tone la damu mbichi, huliweka chini ya hadubini bila kulikausha, na kutafuta chembe nyekundu zinazosukumwa na kimelea kinachokimbia. Ikiwa majimaji ya mgongo yametolewa ili kujua kama ubongo umeingiliwa, hutafuta vimelea na kuhesabu chembe nyeupe. Zikizidi tano katika mikrolita moja, au kimelea kikionekana, ugonjwa umefika hatua ya pili. Kazi hiyo inashindana na saa. Nje ya mwili, vimelea vya malale huanza kufa ndani ya dakika chache. Chupa ikikaa juu ya meza ya muuguzi hadi zamu ibadilike, maabara itasema haikuona kitu, nayo itakuwa imesema kweli. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwa malale ya aina hii, badala ya sindano za zamani zenye arseniki ambazo ziliwaua baadhi ya waliotibiwa. Ni aibu dawa njema ikose mgonjwa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza habari za mbung'o.

Tegu wa nguruwe: choo hakielezi habari za kichwa

Kimelea cha tatu ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Mtu anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, yenye vifuko vya tegu, hupata tegu mzima tumboni. Mtu anayemeza mayai ya tegu, yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu huyo, hupata vifuko mwilini mwake mwenyewe, na baadhi huenda kukaa ubongoni. Ni njia mbili tofauti. Anayeugua ubongo huenda hajapata kuonja nguruwe maishani mwake. Inatosha mikono michafu ya mpishi, mboga zilizonyweshewa maji machafu, au kisima kilichochafuliwa. Mwaka 1992 iliripotiwa kwamba Wayahudi kadhaa wa New York, watu ambao dini yao inawakataza nguruwe kama inavyowakataza Waislamu, walikutwa na vifuko hivyo ubongoni. Uchunguzi ulielekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu tumboni bila kujua.

Hapa ndipo ubora wa swali unapoonekana. Anayemwuliza mgonjwa wa kifafa, "Unakula kitimoto?" amemwudhi Mwislamu, amemtia hofu Mlokole, na hata akijibiwa kwa ukweli hajapata alichokihitaji. Anayemwuliza, "Ulikokulia, nguruwe huzurura ovyo? Watu wote wana vyoo? Kuna mtu nyumbani aliyewahi kutoa vipande vyeupe bapa kama utepe?" amepata habari.

Makosa ya maabara hufuata makosa ya swali. Mara nyingi mgonjwa anayeshukiwa kuwa na vifuko ubongoni hupimwa choo. Kisipoonekana kitu, huambiwa hana tegu. Lakini wengi wenye vifuko kichwani hawana tegu tumboni wakati huo, na hata aliye naye mayai yake hayatoki kila siku. Majimaji ya mgongo nayo huweza kuwa safi kabisa. Ushahidi mkuu ni picha ya kichwa kwa mashine ya CT au MRI, ukisaidiwa na kipimo cha kingamwili katika damu. Kipimo hicho kina mipaka yake: hugundua vizuri mtu mwenye vifuko viwili au zaidi vilivyo hai, lakini humkosa mara nyingi mwenye kimoja tu, au mwenye vilivyokwisha kufa na kugeuka chokaa. Pia huweza kusema ndiyo kwa mtu aliyekutana na mayai lakini hana kitu kichwani. Anayejua mipaka hiyo hulisoma jibu pamoja na picha na habari za mgonjwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, ambako watu wenye kifafa walipopigwa picha za CT, zaidi ya mmoja kwa kila sita alikutwa na dalili za vifuko vya tegu. Watu hao walikuwa wakiishi na ugonjwa ambao jirani huuita mapepo, laana au uchawi. Baadhi ya wenye kifafa huungua motoni, huachwa na wenzi wao, huondolewa shuleni. Kumwambia mzazi kwamba chanzo cha kifafa cha mwanawe ni yai la mnyoo, na kwamba choo na sabuni vingelizuia, ni kuuondolea ugonjwa ule aibu yake, jambo ambalo hakuna kidonge kinacholifanya.

Kuna na hatari. Prazikwanteli, dawa ya kichocho inayogawiwa mashuleni na vijijini, huweza kuvifikia vifuko ambavyo mtu hajui kwamba anavyo. Vinapokufa, ubongo huvimba na degedege hutokea. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka tiba ya vifuko vilivyo hai iambatane na dawa za kupunguza uvimbe. Mahali penye nguruwe wanaozurura, kumwuliza kila mtu kama amewahi kuanguka kifafa kabla ya kumpa kidonge hicho ni kipimo kisichogharimu hata senti.

Toksoplasma: kingamwili bila habari za mgonjwa

Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, aliyedhoofika mkono mmoja na kuumwa kichwa, toksoplasma iko juu katika orodha. Kimelea hiki huenezwa na kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, na watu wazima wengi wamekwisha kuambukizwa bila kuugua. Kingamwili zake hudumu maisha yote. Kwa hiyo jibu la ndiyo, peke yake, halisemi kama uvimbe ulioko ubongoni leo ni wa toksoplasma. Jibu la hapana ndilo lenye nguvu zaidi, kwa kuwa humfanya tabibu ageukie kifua kikuu au maradhi mengine. Tabibu akijua kwamba CD4 za mgonjwa ziko chini ya 100, kwamba hajawahi kutumia kotrimoksazoli, na kwamba picha imeonyesha vivimbe vyenye duara, ana haki ya kuanza tiba na kuangalia kama mgonjwa atapata nafuu ndani ya majuma mawili. Nafuu hiyo nayo ni kipimo. Maabara isiyoelezwa lolote kati ya hayo hutoa jibu la kingamwili likiwa uchi, na anayelipokea hulivisha maana anayoitaka.

Majimaji ya mgongo na hofu yake

Swali zuri huweza kukwama mahali pamoja: ndugu wa mgonjwa hukataa majimaji ya mgongo yasitolewe. Imani kwamba sindano hiyo inapoozesha au inaua imeenea sana, na ina mzizi unaoeleweka. Mara nyingi kipimo hufanyika mgonjwa akiwa mahututi. Akifa, sindano hulaumiwa kwa kifo ambacho ugonjwa ulikwisha kukianza.

Ukweli unastahili kusemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Sindano huingia chini zaidi, kiunoni, mahali penye majimaji na nyuzi za neva zinazoelea. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za majimaji hayo, na mwili wake hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, hivyo yale machache yanayochukuliwa hurudishwa kabla ya siku kwisha. Maumivu ya kichwa baadaye hutokea kwa baadhi, na hupita. Wapo ambao hawapaswi kuchomwa kwa wakati huo, kama mwenye dalili za uvimbe mkubwa ndani ya fuvu au mwenye damu isiyoganda, na tabibu ana wajibu wa kuwatambua kwanza. Ndugu aliyeelezwa hayo, akaambiwa pia ni ugonjwa gani unatafutwa na tiba itabadilika vipi jibu likipatikana, hukubali mara nyingi kuliko aliyeletewa karatasi ya kutia sahihi.

Na yakishatolewa, majimaji hayo ni amana. Hupelekwa maabara kwa mkono, wakati huo huo, wala hayawekwi katika friji. Baridi huua bakteria wanaotafutwa na huzimisha amiba ambao hutambulika kwa mwendo wao. Chembe nyeupe nazo huanza kupasuka zikicheleweshwa. Mgonjwa aliyevumilia sindano hastahili kupewa jibu la chupa iliyosahauliwa.

Pingamizi na majibu yake

Watakuwepo wanaosema kwamba haya yote ni maneno ya chuoni. Tabibu wa wilaya anahudumia wagonjwa wengi kwa siku moja. Anaandika neno moja kwa sababu mlangoni kuna foleni. Mashine za CT ziko katika hospitali kubwa, na nauli ya kuzifikia huweza kuzidi mauzo ya mavuno. Pingamizi hilo lina ukweli, na serikali hazipaswi kusamehewa kwa kulitaja tu. Hospitali za rufaa za kanda zenye kifafa kingi na nguruwe wengi zinapaswa kuwa za kwanza katika mgawo wa mashine hizo na vipimo vya kingamwili.

Lakini uhaba ndio unaolipa swali thamani yake. Penye vipimo vingi, uzembe wa swali hufidiwa kwa kupima kila kitu. Penye vipimo vitatu, kuchagua kimoja vibaya ni kupoteza theluthi ya uwezo wote. Na ili maabara ielewe inatafuta nini, mistari minne inatosha: mgonjwa anaugua nini na kwa muda gani, ameishi na kusafiri wapi, ana hali gani ya kinga, ikiwemo VVU, kwa kuzingatia usiri, na ametumia dawa gani kabla ya kupimwa. Mistari hiyo huandikwa kwa dakika moja. Dakika hiyo hurudi na faida, kwa kuwa vipimo visivyo na maana hupungua.

Maabara nayo ina deni. Jibu lisemalo "hakuna kilichoonekana" halitoshi. Linapaswa kusema ni nini kilitafutwa, kwa njia gani, na sampuli ilifika baada ya muda gani. Mtaalamu anayeona fomu tupu iliyoambatana na majimaji ya mgongo ana haki, na wajibu, wa kuinua simu na kuuliza. Wapo viongozi wanaoiona simu hiyo kuwa utovu wa adabu kwa daktari. Adabu ya namna hiyo humlinda mkubwa na kumwacha mgonjwa.

Mgonjwa na ndugu zake hawako nje ya kazi hii. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Anayeficha kwamba mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga na kunyweshwa dawa, au kwamba alimeza nusu ya dozi ya malaria iliyobaki nyumbani, au kwamba anaishi na VVU, amebadilisha jibu la maabara kabla sampuli haijatolewa. Asipoulizwa, na aseme mwenyewe: nilikotoka kuna mbung'o, kwetu nguruwe wanazurura, mwanangu huanguka tangu mwaka jana. Maneno hayo yaandikwe kwenye fomu, na fomu ifike maabara pamoja na sampuli, kwa sababu yanayoelezwa kitandani na kuishia kitandani hayamfikii yule aliyekaa mbele ya hadubini akiamua atafute nini.